Pima kwanza, ndipo ung'oe feni

Gari likichemsha siku hizi, mwenye gari hamalizi hata kusimulia kabla hajaambiwa ang'oe feni ya klachi, afunge feni mbili za umeme. Mara nyingi anayemshauri hivyo hajafungua boneti. Nina gereji Morogoro, kwenye njia ya magari yaendayo Mikumi, Iringa na Mbeya, na ushauri huo naupinga waziwazi. Feni za umeme zina mahali pake, nitapataja. Kinachoniudhi ni kumuuzia mtu kifaa kipya wakati hakuna aliyejua cha zamani kina ubaya gani.

Feni ya klachi ndiyo iliyomo kwenye Land Cruiser na Hilux nyingi za dizeli, zile ambazo injini yake imelala kwa urefu na wota pampu inatazama rejeta. Mkanda unaizungusha wota pampu, na kati yake na mapanga ya feni kuna klachi, kisahani kinene kilichozibwa pande zote, ndani kina mafuta mazito ya silikoni. Usoni pa klachi kuna springi bapa iliyojiviringa, iliyotengenezwa kwa metali mbili zilizogandishwa pamoja. Upepo unaotoka kwenye rejeta ukiwa wa moto, springi inajikunjua na kufungua kijilango, mafuta yanaingia mahali pa kazi, mapanga yanashika. Upepo ukipoa, mafuta yanarudi yalikotoka na mapanga yanateleza. Kazi yote hiyo inafanyika bila waya, bila fyuzi, bila dereva kukumbuka lolote.

Wanaouza feni za umeme husema hii ya klachi inakula nguvu ya injini. Ni kweli, ikishika inakula nguvu za farasi kadhaa. Lakini nguvu hizo haziendi bure, ndizo zinazovuta upepo. Fanya hesabu: feni mbili za umeme zinazokula ampea 20 kila moja, kwenye gari la volti 12, ni wati 480. Nguvu ya farasi mmoja ni kama wati 746. Feni zote mbili kwa pamoja hazimfikii farasi mmoja! Na umeme wenyewe unatoka kwenye altaneta, inayozungushwa na injini ileile. Halafu chukua Land Cruiser ya 1HZ, ile dizeli ya silinda sita na lita 4.2, imejaa mizigo na watu, AC inafanya kazi, inatoka kwenye joto la Ruaha Mbuyuni kupanda mlima Kitonga nyuma ya lori linalotambaa. Injini inatumika kwa nguvu zake zote, na upepo wa mwendo haupo. Hapo gari linahitaji kila upepo litakaoweza kuuvuta. Likishafika juu na kushika mwendo kuelekea Ilula, klachi inaachia yenyewe, na ile nguvu inayolalamikiwa nyingi yake inarudi kwenye magurudumu.

Hivi karibuni nililetewa hardtop ya namna hiyo, imevutwa kutoka hukohuko Kitonga. Gereji nyingine ilikuwa imeshaifungia feni za umeme. Kava ya plastiki inayoizunguka feni ya asili, inayohakikisha upepo unavutwa kupitia rejeta nzima, ilikuwa imetupwa. Feni mbili zilibanwa kwenye rejeta kwa vibanio vya plastiki vilivyopitishwa katikati ya mapezi yake, nazo zilifunika nusu tu. Waya uliotumika ni mwembamba kama wa spika, ganda lake limeyeyuka na kugandana na waya wa jirani. Rilei hapakuwa nayo. Umeme wote ulipitishwa kwenye swichi moja chini ya dashibodi, na nilipoichomoa ilikuwa imeungua upande mmoja, plastiki yake rangi ya kahawia.

"Mzee, niliwasha," dereva akaniambia. "Taa ya swichi iliwaka, nikajua zinazunguka."

Hazikuwa zikizunguka. Silinda hedi ilikuwa imepinda na gasketi imeungua kati ya silinda ya tatu na ya nne. Feni ya asili ilikuwemo nyuma ya gari, ndani ya gunia. Nikaishika klachi yake, nikaizungusha kwa mkono: nzito sawasawa, haivuji, springi yake safi. Ilikuwa nzima siku ilipong'olewa. Ugonjwa niliukuta nilipoitoa rejeta na kuimwagia maji juu, yakatoka chini kwa kudondoka. Mirija ilikuwa imeziba kwa chumvi, kwa sababu gari lilijazwa maji ya kisima miaka yote badala ya kulanti. Mwenye gari alilipa feni, akalipa hedi, na rejeta iliyokuwa chanzo cha yote ikabaki vilevile.

Kuipima klachi ni kazi ya dakika chache. Injini ikiwa imezimwa, na nasisitiza imezimwa, zungusha mapanga kwa mkono. Yakizunguka yenyewe mara nyingi bila kuzuiwa na kitu, klachi imekwisha. Yakikataa kabisa, imekamata. Angalia kama kuna mafuta yaliyotapakaa kuanzia katikati kwenda nje. Asubuhi ukiwasha gari na feni ikanguruma kidogo kisha ikatulia, huo si ugonjwa, ni mafuta yanayorudi mahali pake. Na klachi iliyochoka si lazima itupwe: Toyota huuza mafuta ya silikoni ya kuiongezea, katika vichupa vya mililita 18, mepesi na mazito kulingana na kazi ya gari.

Zipo gari ninazozifungia feni za umeme kwa moyo mweupe. Aliyebadilisha injini na nafasi ya feni ikakosekana, hana njia nyingine. Anayeshinda kwenye foleni za Dar es Salaam pia nitamsikiliza, maana gari likiwa limesimama feni ya mkanda inazunguka taratibu kama injini, ilhali ya umeme inatoa upepo wake wote. Lakini huyo namfungia kava inayofunika rejeta yote, waya mnene, fyuzi, rilei, na swichi ya joto inayowasha feni yenyewe bila kumngoja dereva. Kabla ya hayo naipima altaneta. Iliyoandikwa ampea 80 haitoi 80 gari likiwa limesimama linanguruma, na tayari kuna taa, AC na wipa zinazoidai.

Mafundi wenzangu, hasa vijana waliotoka vyuo vya ufundi vya VETA wakiwa na mikono myepesi, tujizoeze kupima kabla ya kutaja spea. Nawe mwenye gari, kabla hujatuma mtu kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, kununua feni, mwambie fundi aizungushe ya zamani mbele yako, kisha aimwagie maji rejeta uone yanavyotoka. Akikataa, lipeleke gari kwa fundi mwingine.