Mark Williams atua Phoenix Suns: Bei imeshuka, wasiwasi uko palepale

Februari 2025, Los Angeles Lakers walikubali kumchukua senta Mark Williams kutoka Charlotte Hornets, wakampima afya, wakamrudisha. Juni mwaka uleule akatua Phoenix Suns. Mchezaji ni yuleyule, mgongo ni uleule, miguu ni ileile. Kilichobadilika ni bei.

Ndiyo maana mjadala kuhusu senta huyu, aliyekuwa na umri wa miaka 23 alipotua Phoenix, hauishi. Kuna wanaosema Suns wameokota dhahabu iliyotupwa na Lakers. Wengine wanasema Suns wamenunua gari ambalo fundi wa jirani alishalikagua na kulikataa. Pande zote mbili zina hoja, ila zote zinaruka swali muhimu: mwili wake ukigoma tena, nani atabaki na deni?

Uwezo wake hauna ubishi. Ana urefu wa zaidi ya mita 2.1, na akinyoosha mikono pembeni inafika karibu mita 2.3. Msimu wa 2024/25 alipata wastani wa pointi 15.3 na ribaundi 10.2 kwa mechi, akiwa na Hornets iliyoshinda mechi 19 tu kati ya 82. Senta wa umri wake wenye takwimu hizo ni wa kuhesabu.

Tatizo ni namba nyingine. Tangu Hornets walipomchagua namba 15 kwenye drafti ya 2022 hadi mwisho wa msimu wa 2024/25, timu ilicheza mechi 246 za msimu wa kawaida. Yeye alicheza 106: mechi 43 msimu wa kwanza, 19 wa pili, 44 wa tatu. Mgongo ulimtoa uwanjani Desemba 2023 na hakurudi msimu ule. Msimu uliofuata aliuanza akiuguza mguu. Yaani katika kila mechi 10 za Charlotte, Williams hakuwepo kwenye karibu 6.

Lakers waliona nini?

Kumbuka hali ilivyokuwa mwanzoni mwa Februari. Lakers walikuwa wameishangaza dunia ya kikapu kwa kumchukua Luka Dončić kutoka Dallas Mavericks na kumtoa Anthony Davis. Walipata nyota wa miaka 25, lakini wakabaki bila senta wa maana.

Na Dončić bila senta ni nusu ya Dončić. Mchezo wake ni huu: anamwita mtu mrefu aje kumkinga beki, beki anakwama, yule mrefu anageuka na kukimbilia kikapuni, halafu Dončić anaurusha mpira juu kule ambako mtu huyo peke yake anaufikia. Dallas walifika fainali ya 2024 huku Dereck Lively II na Daniel Gafford wakiifanya kazi hiyo. Williams ni wa aina hiyohiyo.

Kwa hiyo usiku wa Februari 5, saa chache kabla dirisha la kubadilishana wachezaji halijafungwa, Lakers wakakubali kutoa Dalton Knecht, kijana waliyemchagua namba 17 mwaka 2024, pamoja na Cam Reddish, chaguo la raundi ya kwanza la 2031 lisilo na kinga yoyote, na haki ya Charlotte kubadilishana nao nafasi ya kuchagua mwaka 2030.

Hilo la 2031 ndilo zito. Chaguo lisilo na kinga maana yake ni kwamba hata Lakers wakiwa wabovu kuliko wote mwaka huo, Charlotte wanachukua nafasi yao bila masharti. Kufikia drafti hiyo LeBron James atakuwa na miaka 46 na Dončić 32. Hakuna anayejua Lakers watakuwa timu ya namna gani, na ndiyo sababu chaguo la mbali namna hiyo lina thamani kubwa sokoni.

Halafu vipimo. Kwenye NBA dili halikamiliki mpaka wachezaji wapimwe na madaktari wa klabu wanakokwenda. Februari 8 Lakers wakatangaza kwamba wameghairi, kwa kuwa sharti mojawapo halikutimizwa. Hawakueleza zaidi. Knecht na Reddish wakarudi Los Angeles, Williams akarudi Charlotte kwa watu waliokuwa wameshamuaga.

Hapa kuna jambo linalosahaulika kwenye mabishano ya mitandaoni. Kijana wa miaka 23 aliambiwa mbele ya dunia nzima kwamba mwili wake hautoshi, na ugonjwa wenyewe haukutajwa, kwa hiyo kila mtu akajaza anachotaka. Alivaa tena jezi ya Hornets akaendelea kucheza mpaka akafikisha mechi zake 44. Huo si ushahidi wa kitabibu, lakini si kitu cha kupuuza pia.

Walikwepa hasara, wakailipa Aprili

Lakers walighairi dirisha likiwa limeshafungwa. Hawakuweza kubadilishana na timu nyingine, wakaishia kumsajili Alex Len aliyekuwa huru. Msimu wa kawaida ulikwenda vizuri, ushindi 50. Kisha ikaja hatua ya mtoano dhidi ya Minnesota Timberwolves.

Jaxson Hayes, senta waliyekuwa wakimwanzisha, alipoteza imani ya kocha JJ Redick. Mchezo wa nne, Redick aliwachezesha watu walewale watano kipindi chote cha pili bila kufanya badiliko hata moja, na kati yao hakuna aliyekuwa senta halisi. Wakachoka, wakapoteza. Mchezo wa tano Rudy Gobert akajilia vyake chini ya kikapu: pointi 27, ribaundi 24. Lakers nje, 4-1.

Je, Williams angebadilisha matokeo? Huenda angepunguza aibu ile ya ribaundi. Lakini kuvuka raundi moja ya mtoano si bei ya kuuza mwaka 2031. Lakers walikuwa karibu kufanya kosa la mtu mwenye njaa kwenda sokoni: unanunua cha kwanza unachokiona, kwa bei yoyote. Madaktari waliwaokoa. Na Julai 2025 walimpata Deandre Ayton baada ya kuachwa na Portland, bila kutoa chaguo hata moja. Ayton naye si mtu wa kuaminika sana, msimu wa 2024/25 alicheza mechi 40 tu, lakini akishindwa Lakers hawatakuwa wamepoteza kesho yao.

Chenji ya noti ya 2031

Turudi Phoenix. Usiku wa drafti, Juni 25 kule Marekani na tayari alfajiri ya Juni 26 Afrika Mashariki, Suns waliwapa Hornets chaguo namba 29, chaguo jingine la raundi ya kwanza la 2029, na mlinzi Vasilije Micić. Huyo Micić ana kisa chake: Februari alitoka Charlotte kwenda Phoenix, Juni akarudishwa Charlotte.

Ukiweka vifurushi viwili pamoja, Suns wanaonekana wamelipa kidogo. Namba 29 ni karibu na mwisho wa raundi ya kwanza. Chaguo la 2029 ndilo baya zaidi kati ya machaguo ya Cleveland, Minnesota na Utah, kwa hiyo si rahisi liwe la juu.

Lakini fuatilia machaguo hayo yalikotoka. Januari 2025 Suns waliwapa Utah Jazz chaguo lao la 2031 lisilo na kinga, wakapewa machaguo matatu ya hadhi ya chini: ya 2025, 2027 na 2029. Ilikuwa sawa na kuvunja noti kubwa ili upate chenji ya matumizi. Namba 29 na lile la 2029 ni sehemu ya chenji hiyo. Lakers walikataa kumlipia Williams kwa 2031 yao. Suns wamemlipia kwa vipande vya 2031 yao wenyewe, ila vimepita Utah kwanza, hivyo haviumi sana ukivitazama.

Hata hivyo, bei ya Suns bado ni nafuu kuliko ile ya Februari, na kwa hali yao dili hili linaeleweka. Timu yenye gharama kubwa kuliko zote kwenye ligi ilishinda mechi 36, ikapoteza 46, ikakosa hata mchujo. Kevin Durant ameshaondoka kwenda Houston Rockets kwenye dili la timu 7, kubwa kuliko yote katika historia ya NBA. Meneja mkuu alikuwa mpya, Brian Gregory. Kocha alikuwa mpya, Jordan Ott. Na hadi 2031 Suns hawana mamlaka kamili juu ya chaguo lao lolote la raundi ya kwanza.

Timu nyingine mbovu hujifariji kwamba zikifungwa sana zitapata kijana bora kwenye drafti. Suns wakifungwa, anayefaidi ni mtu mwingine. Kwa hiyo njia yao ya kupata vijana ni kuwachukua waliokataliwa au walioshuka bei, na senta mwenye uwezo wa Williams hashuki bei bila kasoro. Angekuwa mzima angekuwa hagusiki.

Tena Suns wamegeuka mteja wa kudumu wa duka la Charlotte: Januari walikwenda kumchukua Nick Richards, aliyekuwa akimsaidia Williams huyuhuyu. Sasa wamerudi kumchukua bosi wake.

Kijana wa Kampala kama bima

Usiku uleule wa drafti, Suns walipata senta wa pili. Chaguo namba 10, lililotoka Houston kwenye dili la Durant, lilimleta Khaman Maluach. Wapenzi wa kikapu Afrika Mashariki wanamjua. Alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akakulia Kawempe, Kampala, baada ya familia yake kukimbia vita. Mwaka 2024 alicheza ligi ya Afrika, BAL, akiwa na City Oilers ya Uganda, na mwaka huohuo akaichezea Sudan Kusini kwenye Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Duke, alikosoma Williams pia.

Kwenye karatasi ni bima nzuri: mmoja akiumia, mwingine yupo. Ila bima hii ilikuwa na miaka 18 siku ya drafti. Maluach alianza kucheza kikapu akiwa na miaka 13 hivi, na amecheza msimu mmoja tu wa chuo. Anahitaji dakika za kujifunza, akikosea bila timu nzima kumtegemea. Williams akikosa mechi 40 nyingine, dakika hizo zitamwangukia Maluach kabla hajawa tayari. Hiyo ni gharama ambayo haimo kwenye hesabu ya machaguo, na ni kijana wetu atakayeilipa.

Historia ina mifano ya pande zote. Agosti 2012 Philadelphia 76ers walimchukua Andrew Bynum, senta wa miaka 24, wakawapoteza Andre Iguodala na Nikola Vučević kwenye dili hilo. Magoti yakagoma. Bynum hakuichezea Philadelphia mechi hata moja. Februari 2017 Portland walimchukua Jusuf Nurkić, miaka 22, aliyekuwa amepoteza nafasi Denver, na juu yake wakapewa chaguo la raundi ya kwanza. Akawa senta wao kwa miaka mingi. Alivunjika mguu 2019, lakini Portland hawakuwa wametoa kitu cha kuwafilisi.

Mtego uko Oktoba

Msimu wa 2025/26 ulikuwa mwaka wa nne na wa mwisho wa mkataba wa kwanza wa Williams, uliomlipa takriban dola milioni 6.3. Kwa NBA hiyo ni hela ndogo kwa senta anayeanza. Suns walikuwa na mpaka siku moja kabla ya msimu huo kuanza, Oktoba 2025, kuamua kama wampe mkataba mrefu.

Hapo ndipo dili hili lingeweza kuharibika. Machaguo yameshatoka na hayarudi, na kishawishi cha kusema "tumeshamlipia, tumfunge kabisa" kingekuwa kikubwa, hasa kwa mmiliki kama Mat Ishbia, ambaye tangu ainunue timu mwaka 2023 hajawahi kuogopa kutoa pesa. Kumpa miaka minne mtu aliyecheza mechi 106 katika misimu mitatu ni kununua hatari ileile mara ya pili, safari hii kwa fedha taslimu.

Na hawakulazimika. Wakisubiri, msimu wa 2025/26 ukiisha klabu nyingine zingeweza kumpa ofa, lakini Suns wangekuwa na haki ya kulingana na ofa hiyo na kubaki naye. Akicheza mechi 65 vizuri, angewagharimu zaidi, nao wangelipa wakijua wanalipia nini. Akicheza 35, wangekuwa wamepoteza machaguo mawili ya chini.

Wakala wake angeitaka pesa ya Oktoba, na kwa historia ya mgongo ule hakuna wa kumlaumu.