Kafyu Ilikwisha, Hatia Nayo Iwe na Mwisho

Amri ya kutotoka nje usiku, iliyojulikana kwa wengi kama kafyu, ilianza kutekelezwa nchini Kenya tarehe 27 Machi 2020, wiki mbili baada ya kisa cha kwanza cha UVIKO-19 kutangazwa, nayo ikaondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Sikukuu ya Mashujaa. Barakoa zimevuliwa, vizuizi vya barabarani vimeondolewa, na biashara za usiku zimerudi. Kisichoondolewa ni kumbukumbu za jinai, yaani maandishi ya polisi na mahakama yanayoonyesha kwamba mtu fulani alitiwa hatiani, ambazo zinaweza kumfuata raia maisha yake yote kwa sababu tu alichelewa kufika nyumbani au alikutwa hana barakoa. Wananchi wanaitwa waungane kudai kwamba kumbukumbu hizo zifutwe kwa sheria, kwa kuwa hatari iliyozizaa ilikuwa ya muda, na adhabu yake haifai kuwa ya kudumu.

Msingi wa jambo hili ni namna sheria zenyewe zilivyotungwa. Kanuni zilizotolewa Aprili 2020 chini ya Sheria ya Afya ya Umma zilimtaka kila mtu avae barakoa na asikaribiane na mwenziwe mahali pa umma, na aliyezivunja aliweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 20,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au kupewa adhabu zote mbili. Kosa hilo lilikuwa la jinai, maana yake lilishtakiwa kwa jina la Jamhuri mbele ya hakimu, tofauti na ada ya kuchelewesha malipo ambayo mtu huilipa ofisini na jambo likaishia hapo. Mshtakiwa aliyelala korokoroni, asiye na wakili, na ambaye watoto wake wanamngoja nyumbani, huona njia fupi ya kutoka ni kukiri kosa, kulipa na kwenda zake, akiamini kwamba risiti aliyopewa imefunga ukurasa, kumbe neno lake la kukiri ndilo lililoufungua.

Ukurasa huo husomwa siku mtu anapoomba cheti cha tabia njema, ambacho ni hati inayotolewa na Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai baada ya alama za vidole vya mwombaji kulinganishwa na zilizohifadhiwa. Vidole vyote kumi hupakwa wino, kimoja baada ya kingine, na kugandamizwa kwenye fomu. Kama alama zizo hizo zilichukuliwa wakati wa kesi ya kafyu, hukumu ile inaweza kujitokeza pale pale. Cheti hiki hudaiwa kwa mwalimu anayetaka kusajiliwa, kwa dereva wa matatu, kwa askari wa kampuni ya ulinzi, na kwa kijana anayetafuta kazi katika nchi za Ghuba. Mwajiri aliye mbali, akiona kwamba mwombaji aliwahi kuhukumiwa, hana sababu ya kuuliza kama kosa lilikuwa wizi wa mabavu au kuchelewa kwa dakika ishirini.

Haki inadai pia yakumbukwe mazingira ambamo watu hao walikamatwa. Jioni ya kwanza ya kafyu, katika kivuko cha Likoni mjini Mombasa, polisi waliwarushia gesi ya kutoa machozi na kuwapiga watu waliokuwa wamejazana kusubiri feri ili wavuke kwenda makwao, ilhali saa moja ya usiku, saa ya kafyu kuanza, ilikuwa haijafika. Tarehe 16 Aprili 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba kafyu yenyewe ilikuwa halali, lakini nguvu kupita kiasi iliyotumiwa na polisi katika kuitekeleza ilikiuka Katiba. Mwenye gari na kazi ya kufanyia nyumbani aliweza kuitii amri bila taabu, ilhali mama muuza samaki, mjenzi wa kibarua na utingo walitegemea usafiri wa umma uliopunguziwa abiria na pato lisilopatikana ila kwa kutoka. Wakati huo huo viongozi wa kisiasa waliendelea kuhutubia mikutano iliyofurika watu, na mizani iliyowapima wanyonge haikutumika kuwapimia wao.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ni nzito. Wanasema kwamba wahudumu wa afya walipoteza maisha, kwamba mamilioni ya watu walivumilia ili kuwalinda wazee na wagonjwa, na kwamba kumsamehe mkaidi ni kumdharau mtiifu. Hata hivyo, kinachoombwa hapa hakiligusi lengo la kanuni wala hakirudishi faini zilizokwisha kulipwa. Adhabu aliyoitamka hakimu imekwisha kutumikiwa, na kinachoendelea ni adhabu ya pili ambayo hakuna hakimu aliyeitamka. Aidha, aliyetumia nguvu, aliyetoa hongo, au aliyejua kwamba ameambukizwa akawahatarisha wengine kwa makusudi, anaweza kuachwa nje ya sheria hiyo inayodaiwa bila ya kuwabebesha maelfu mzigo usio wao.

Nchi nyingine zimekwisha kuchukua hatua. Nchini Afrika Kusini, ambako aliyelipa faini ya kukiri kosa huhesabiwa kuwa ametiwa hatiani hata kama hakusimama mbele ya hakimu, sheria iliyoanza kutumika Aprili 2024 ilifungua njia ya kufutwa kwa kumbukumbu za makosa ya namna hiyo yaliyotokana na kanuni za janga. Huko Australia, serikali ya jimbo la New South Wales ilifuta faini zaidi ya 33,000 mnamo Novemba 2022, baada ya kukubali mahakamani kwamba notisi zilizotolewa hazikulieleza kosa inavyotakiwa.

Katiba ya Kenya ya 2010 inawapa wananchi nyenzo tatu za kufikia lengo hilo. Kifungu cha 119 kinamruhusu kila mtu kupeleka ombi Bungeni ili litunge, libadilishe au lifute sheria. Kifungu cha 133 kinamwezesha Rais, kwa ombi la mtu yeyote na kwa ushauri wa kamati maalumu, kutoa msamaha kwa waliotiwa hatiani. Kifungu cha 35 kinampa kila mtu haki ya kutaka habari za uongo au za kupotosha zinazomwathiri zirekebishwe au zifutwe, haki inayowafaa hasa wale walioachiliwa huru na bado majina yao yamo katika majalada.

Kwa hiyo kila aliyehukumiwa na aombe nakala ya mwenendo wa kesi katika masjala ya mahakama na kuihifadhi pamoja na risiti. Mashirika ya haki za binadamu, vyama vya mawakili, vyama vya madereva na vya wafanyakazi, misikiti na makanisa na yakusanye sahihi kutoka kila kaunti, na ombi moja lipelekwe Bungeni likidai mambo mawili: kumbukumbu za makosa madogo ya kafyu na barakoa zifutwe bila mhusika kutozwa chochote, na sheria ya afya ya umma irekebishwe ili ukiukaji mdogo wakati wa mlipuko ujao utozwe ada ya kiutawala isiyoacha doa la jinai. Waajiri nao wasingoje Bunge. Wanaweza tangu sasa kuuliza hukumu ilihusu nini kabla ya kumkataa mtu.

Mlipuko mwingine utakuja, na siku hiyo serikali itahitaji raia wajitokeze kupimwa, wataje waliokaribiana nao na waamini wanachoambiwa. Imani hiyo haijengwi kwa rungu. Itajengwa na taifa linaloonyesha mapema kwamba likimwadhibu mtu kwa ajili ya afya ya wote, hujua pia wakati wa kumwachilia.