Kabla ya kuvuka bahari, tuvuke mto

Vijana wenzetu wa Kisangani, kutoka Makiso mpaka Mangobo, kutoka Kabondo mpaka Lubunga,

Kila mwaka kuna wanafunzi wa vyuo vya Marekani wanaopanda ndege kwenda Kosta Rika, Ekwado, Peru ama Gwatemala. Hawaendi kukaa sana, ni majuma machache tu. Wanasoma Kihispania, wanafuata wauguzi kwenye vituo vya afya, na wengi wanalala katika nyumba za wenyeji ambamo Kiingereza hakisaidii kitu. Wakimaliza, wanarudi kwao na pointi za afya ya jamii pamoja na pointi za lugha.

Juu gani wanahangaika hivyo? Marekani iko na watu zaidi ya milioni 40 wanaoongea Kihispania nyumbani. Mwanafunzi wa leo ni munganga wa kesho, na kesho mgonjwa ataingia akieleza maumivu yake kwa Kihispania. Munganga asiposikia, atapima damu, atapiga picha, atakisia. Kwa hiyo chuo kinamwambia: nenda ujifunze lugha ya mgonjwa wako.

Siye hatusifu kila kitu katika safari hizo. Mwezi mmoja hautoi munganga, na wengine wanarudi na picha mingi kuliko maarifa. Lakini wazo lenyewe ni zuri: lugha ya mgonjwa ni somo, linafundishwa, linapewa pointi.

Sasa tuulizane hapa kwetu. Mwanafunzi wa afya wa Kisangani, nani anamfundisha lugha ya mgonjwa wake? Anasoma anatomia kwa Kifaransa, anafanya mtihani kwa Kifaransa, anaandika ripoti ya staji kwa Kifaransa. Halafu anatumwa kwenye kituo cha afya ngambo ya mto, Lubunga, na mama mmoja anamwambia: «Munganga, mutoto mwili inawaka moto tangu juzi, na tumbo inamutoka.» Hapo anaanza kutafsiri peke yake, bila mwalimu, bila kitabu. Na mwenye kulipa makosa ya tafsiri ile ni mtoto.

Wandugu, historia yetu ilishatoa somo hili. Mwezi wa nne 1965, Che Guevara alivuka ziwa Tanganyika na kuingia upande wa Fizi na kundi la Wakuba, kusaidia waasi ambao mwaka uliotangulia walikuwa wameshika huu mji wetu. Walipewa majina ya namba kwa Kiswahili. Yeye aliitwa Tatu. Kijana Mukongomani wa miaka 16, Freddy Ilanga, aliwekwa karibu naye kama mtafsiri na mwalimu wa Kiswahili. Kabla ya mwaka kwisha, Wakuba walishindwa na kuondoka. Che mwenyewe, akiandika makosa yake baadaye, alitaja na hili: hakujifunza Kiswahili vya kutosha, sababu alijua Kifaransa. Kifaransa kilimwezesha kuongea na wakubwa, lakini kilimweka mbali na watu wa chini.

Mtu anaweza kumpenda Che ama kumchukia, hiyo si kazi ya leo. Lakini maneno yale yanafaa kubandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya afya katika Tshopo. Kifaransa kinafika kwa wakubwa. Ugonjwa uko kwa watu wa chini.

Na yule kijana Ilanga? Alipelekwa Kuba, akajifunza Kihispania, akasoma udaktari, akawa mpasuaji wa ubongo wa watoto. Alifariki mwaka 2005. Mwalimu wa Kiswahili aligeuka mwanafunzi wa Kihispania ndipo akaweza kutibu watoto wa Kuba. Hata leo, shule kubwa ya udaktari ya Havana iliyofunguliwa mwaka 1999, inayopokea vijana wa nchi maskini, inaanza na Kihispania kwa wale wasiokijua. Lugha kwanza, halafu mwili wa mtu.

Wengine watatuambia: «Lakini wanafunzi wetu ni Wakongomani, Kiswahili na Lingala wanaongea tayari.» Si wote. Kuna wanaotoka Kasai na Tshiluba yao, kuna wanaotoka Kinshasa wasiojua Kiswahili hata kidogo. Na hata aliyezaliwa Tshopo, Kiswahili chake ni cha soko na cha mpira. Kuuliza bei ya pondu ni kitu kimoja. Kumuuliza mama mwenye umri wa mama yako juu ya damu ya mwezi, ama mzee juu ya mkojo wake, bila kumvunjia heshima, ni kitu kingine. Hayo yanafundishwa.

Tena, Kiswahili chenyewe si kimoja. Bango likiandikwa «kipindupindu», mtu wa Dar es Salaam ataelewa mara moja. Hapa kwetu watu wanasema kolera. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, watu 2,287 walikufa. Kule Beni na Butembo, ujumbe mwingi ulikuja kwa Kifaransa na kwa Kiswahili cha vitabuni, wakati wamama wengi wanasikia vizuri Kinande ama Kiswahili cha kwao. Hatusemi lugha peke yake iliua. Kulikuwa vita, kulikuwa siasa, kulikuwa hasira ya miaka mingi. Lakini mtu asiyeelewa unachosema hawezi kukuamini, na asiyekuamini anaficha mgonjwa.

Na sisi wa Boyoma hatuko mbali na hatari. Mwaka 2011 kolera ilianza hapa Kisangani mwezi wa tatu, ikashuka na mto, kituo kwa kituo, mpaka Kinshasa. Dawa ya kwanza ya kuhara ni maji yenye chumvi na sukari: litri moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Sasa fikiria mama anaelezwa vile mbiombio, kwa Kifaransa kilichochanganywa na Lingala, naye anashika «sita» kwa chumvi. Chumvi mingi inaweza kuua mtoto uliyetaka kumwokoa. Ama karatasi ya dawa imeandikwa «à jeun». Nani amemwambia mzee kwamba ni kumeza kabla ya kula?

Katiba yetu haina shida. Kifungu cha 1 kinasema Kifaransa ni lugha ya serkali, lakini kinataja Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kama lugha za taifa, na kuitaka Serkali iziendeleze bila ubaguzi. Kifungu cha 47 kinahakikisha haki ya afya. Weka vifungu hivi viwili pamoja: haki ya afya isiyosikika ni haki ya karatasi.

Kwa hiyo tunadai mambo manne.

Moja: katika fakulte ya udaktari, katika masomo ya afya ya jamii na katika shule za wauguzi za Kisangani, lugha ya mgonjwa iwe somo kamili, kwa Kiswahili na kwa Lingala. Iwe na pointi. Mtihani ufanyike mbele ya mtu, si kwenye karatasi: mwanafunzi aulize dalili, aeleze ugonjwa, aeleze dawa, na mgonjwa arudilie alichosikia.

Mbili: kila mwanafunzi wa afya apitishe majuma kadhaa ya staji akikaa kabisa pale anapofanya kazi. Avuke mto, alale Lubunga, ateke maji nao, asikie wanavyoita homa na wanavyoita uchungu. Mwaka 2023 mapigano kati ya Wambole na Walengola yalifukuza maelfu ya watu kutoka vijijini, na wengi walikimbilia mjini. Watu wale hawakuja na Kifaransa. Mwanafunzi akutane nao akiwa bado na mwalimu pembeni, asingoje mpaka awe munganga peke yake usiku.

Tatu: Kisangani iko na zoni tano za afya. Kila tangazo la ugonjwa, kabla ya kuchapwa, lisomwe kwa sauti mbele ya wareko na wamama wa kartie. Wakiuliza «maana yake nini?», liandikwe upya. Kwa vijiji vya mto, Kilokele kisisahauliwe.

Nne: burse za kusoma afya ngambo ya bahari zitangazwe wazi, na majina ya waliochaguliwa yabandikwe ukutani. Na anayerudi, hata kama alikaa mwezi mmoja tu, afundishe wenzake mbele ya watu alichojifunza. Safari iliyolipwa kwa jina la raia si zawadi ya familia moja.

Hatukatai safari. Kijana wa Mangobo akipata nafasi ya kusoma Kihispania na afya kule Kuba, aende, tutamsindikiza na ngoma. Lakini mito, pirogi na wagonjwa viko hapa, na pirogi ya Lubunga haiombi viza.

Nawe unayesoma, kuna kazi unayoweza kuanza leo jioni. Kaa na bibi yako, ama na mama jirani. Muulize maneno kumi anayotumia kusema ugonjwa: anaitaje kizunguzungu, anaitaje kuvimba, anasemaje mtoto akikataa kunyonya. Andika, tuletee. Tutayakusanya, tutayapeleka kwa walimu na kwa wakubwa wa zoni za afya, na tutangoja jibu mlangoni.

Siye vijana wa Kisangani, tunaotaka mgonjwa asikilizwe mbele ya kuandikiwa dawa.