Sarafu Isiyo na Kwao

Sisi tufundishao Kiswahili hapa Gatumba, ambako faranga za Burundi na za Kongo hubadilishwa kila siku, hatukubali kwamba mnunuzi wa sarafu kongwe za Uchina na Uyunani ni mlinzi wa historia. Analinda nini? Sarafu za enzi ya Song zilizofukuliwa Kajengwa, Unguja, mwaka 1945, na ile ya mfalme Yongle iliyopatikana kisiwani Manda, Kenya, mwaka 2013, zatushuhudia biashara ya Waswahili kwa sababu twajua zilikolala. Lau zingeuzwa mnadani kimyakimya, zingebaki vipande vya madini vyenye tundu. Wanafunzi wetu wakiuliza zilitoka wapi, tuwajibu "dukani"?