Vikombe vya umeme vioshwe kabla ya mvua ya kwanza
Reli ya SNCC, shirika la reli la Kongo (DRC), inayotoka Lubumbashi kwenda Kamina hupita Luena, mji wa makaa ya mawe katika mkoa wa Haut-Lomami. Ni reli iliyojengewa nyaya za treni za umeme, volti 25,000. Kipande cha Likasi hadi Tenke kilitangulia, mwaka 1952. Nyaya za namna hiyo hushikiliwa na vikombe vya kauri au kioo, na mpita njia akiziona sketi zake, yaani mikunjo iliyopangana, huenda akadhani ni pambo.

Si pambo hata kidogo. Umeme mkubwa hauipenyi kauri kirahisi. Hutafuta upenyo juu ya uso wake, ufike kwenye nguzo kisha ardhini. Ndiyo maana uso huo umekunjwa. Kikombe cha sahani cha laini kubwa huwa na kimo cha milimita 146 hivi, lakini anayefuata mikunjo yake kwa kidole, akizama na kuibuka kwenye mifereji ya chini, atasafiri karibu milimita 300. Sketi ni upenu pia: mvua ikinyesha, upande wa chini hubaki mkavu, na maji hayapati njia isiyokatika.

Adui wa umbo hilo ni uchafu. Kiangazi cha Katanga huleta vumbi jekundu, masizi ya majani yanayochomwa na, penye makaa, unga mweusi. Vikiwa vikavu havina neno. Balaa ni manyunyu ya kwanza, yanayolowesha uchafu bila kuuosha. Chumvi huyeyuka, umeme hupita, joto lake hukausha ukanda mwembamba, cheche huruka juu ya ukanda huo, hurefuka, na laini huzimika.

Laini ya umeme ya Inga hadi Kolwezi, yenye kilomita 1,700 hivi na inayotumika tangu 1982, ina mtihani zaidi: umeme wake wa mkondo mmoja huvuta vumbi kuliko ule wa kupishana.

Kungoja mvua kubwa ioshe vikombe ni kucheza kamari na treni, migodi na hospitali. Bajeti ya kuvisafisha itoke Agosti, na kazi ifanyike laini ikiwa imezimwa na kuunganishwa na ardhi kwanza. Vilivyopasuka vibadilishwe siku hiyo hiyo. Vya silikoni, vinavyofanya maji yabaki matone badala ya kutandaa, vianzie kwenye nguzo zilizo karibu na makaa.