Nyongeza ya barua pepe yafaa zaidi kwa soko la Mpui

Kijana anayetengeneza programu za kompyuta na kutaka kuwauzia wanunuzi wa mahindi wa Mpui, kwenye barabara ya lami itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga, ana milango miwili ya kuingilia sokoni. Anaweza kutengeneza nyongeza ya barua pepe, inayokaa ndani ya Gmail, au nyongeza ya kivinjari, inayopachikwa kwenye Chrome. Mwekezaji mdogo anayeombwa mtaji wa kazi hiyo hana budi kuijua tofauti kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Chukua mfano wa oda ya tani 30 inayofika kwa barua pepe kutoka kwa msagishaji wa Dar es Salaam. Programu inaisoma, inaigeuza kuwa magunia 300 ya kilo 100, inaongeza nauli ya lori, kisha inamwonyesha mnunuzi bei ya juu anayoweza kumlipa mkulima bila kupata hasara. (Lumbesa haimo katika hesabu hiyo, na isiwemo.) Njia zote mbili zinaiweza kazi hiyo. Lakini wakati oda inafika, mnunuzi yuko ghalani anasimamia mzani, na kilichoko mfukoni mwake ni simu.

Hapo ndipo nyongeza ya kivinjari inapokwama. Chrome ya simu za Android haipokei nyongeza. Firefox ilifungua mlango huo Desemba 2023, ila wanaoitumia kwenye simu ni wachache mno kuendesha biashara. Nyongeza ya Gmail, aina ambayo Google iliianzisha mwaka 2017, mteja akishaiweka huipata kwenye kompyuta na kwenye simu vilevile. Tena inaweza kuendeshwa kwenye mitambo ya Google yenyewe, hivyo umeme ukikatika Sumbawanga huduma haikatiki.

Nyongeza ya kivinjari ina sifa zake. Ada ya kujiandikisha katika duka la Chrome ni dola 5, hulipwa mara moja tu, na programu hufanya kazi kwenye ukurasa wowote, si Gmail peke yake. Kwa karani anayeshinda mbele ya kompyuta ni chombo kizuri. Tatizo ni kujenga katika kiwanja cha mtu. Google ikibadili sura ya Gmail, kama ilivyofanya mwaka 2018, mtengenezaji hurudi kazini bila malipo. Mwaka 2024 ilianza kuzizima nyongeza zilizoandikwa kwa kanuni za zamani za Chrome.

Nyongeza ya barua pepe nayo ina mwenye kiwanja huyo huyo. Inayotaka kusoma barua zote za mteja na kuzipeleka kwenye seva za mtengenezaji hudaiwa ukaguzi wa usalama kila mwaka, gharama ambayo mtaji mdogo hauihimili. Isome barua iliyofunguliwa tu, inatosha kabisa kwa oda ya mahindi.

Malipo hukusanywa na mtengenezaji mwenyewe. Duka la Chrome liliacha kuwakusanyia mwaka 2021. Anayepanga kutoza kwa dola kila mwezi kupitia kadi ya benki hajaifahamu Ufipa. Mnunuzi atozwe kwa msimu, kwa shilingi, kupitia simu, mahindi yakishauzwa.