Tumkumbuke Edward Tingatinga

Mwezi huu tunamkumbuka Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Alipokuwa kijana aliondoka kwao kutafuta kazi. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga. Kisha akaenda Dar es Salaam.

Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora. Hakununua vifaa vya ghali. Alichukua ubao mwembamba wa dari na rangi ya kupaka baiskeli. Akachora chui, tembo na ndege. Picha zake zina mzaha. Chui wake ana macho makubwa na madoa mengi, kama mnyama wa hadithi za bibi. Ukimtazama huogopi, unacheka.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa makosa, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka michache tu.

Lakini alikuwa amekwisha wafundisha ndugu zake. Wao waliendelea, wakafundisha wengine. Leo picha za namna hiyo huitwa tingatinga, nazo zinajulikana hata ng'ambo. Kama angeficha ujuzi wake, ungezikwa pamoja naye.

Na wewe, ndugu, unajua kazi gani? Nani anajifunza kwako?